Dirishani Malinya, Enzi za Baiskeli Zenye Pembe

Siku ya kwanza nilipofungua dirisha la zahanati ya Malinya, waliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe, Mama Khasoa, mshika dirisha. Karani, Beatrice Mmbone, binti wa mama yangu mdogo, aliyekuwa amemaliza Fomu Foo na kalamu yake ilikuwa na kifuniko. Mlinzi, Shivachi, mdogo wa marehemu mume wangu, kwa hiyo ni mulamwa wangu, na mulamwa kwa desturi yetu ana ruhusa ya kunitania mpaka mlangoni mwa kanisa. Daktari, ambaye hakuwa na undugu na yeyote kati yetu, ingawa Shivachi aliutafuta asubuhi nzima. Meneja, aliyekuja na pikapu kutoka mjini Kakamega, na kabla ya Kakamega alitoka Nairobi. Na mgonjwa wa kwanza, mzee Ezekieli Likhanga, ambaye hakuwa mgonjwa. Alikuja kuona kama dirisha linafunguka.

Majina ya Daktari na Meneja ninayajua, na ya mama zao pia, lakini hao walikuwa wakubwa wangu na nitawaita kwa vyeo kama nilivyowaita wakati ule.

Ninyi vijana wa bima za siku hizi mnafanya kazi na mashine. Mtu anaweka kidole, mashine inalia, basi amejulikana. Wakati wetu mashine ilikuwa mimi. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini Malinya nzima ilipita mbele yangu sokoni, kanisani na matangani, na uso ukipita mbele yangu haupotei. Kadi za Mpango hazikuwa na picha. Mtu alileta kadi, mimi nikatazama kadi, nikatazama uso, nikamwambia Mmbone, "Ndiye," au nikamwambia mwenye uso, "Rudisha kadi ya shangazi yako na umsalimie, mulembe."

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Ilikuwa miaka ya tisini, hospitali zilishaanza kutaka mtu achangie matibabu, na watu wa vijiji wakawa wanaogopa bili kuliko ugonjwa. Ndipo wakaja watu wa Mpango wa Afya. Kila boma litoe mchango kila mwezi, mgonjwa na asiye mgonjwa, na mwenye kuugua atatibiwa kwa mchango wa wote. Daktari naye hakulipwa kwa kila anayemtibu. Alipewa kiasi cha kichwa, maana yake kila mwanachama aliyeandikwa alikuwa na fungu lake dogo, augue asiugue. Akiugua, fungu linaliwa. Asipougua, linabaki.

Kwa hiyo hamtashangaa nikisema Daktari aliwapenda sana watu wazima wa afya. Siku ya soko alitembea akiwasalimia wenye nguvu kwa mikono miwili.

"Mama Rasoa! Unang'aa! Endelea hivyo hivyo!"

Akimwona mtu anakohoa, uso ulikuwa unamshuka kama wa mtu aliyeona mbuzi wa jirani kwenye mahindi yake. "Baba, jifunike kifua. Umekula nini? Kunywa maji ya moto. Kesho usije, kesho kutwa ndiyo uje, kama bado."

Mengine ni haya. Mgonjwa alitoa pesa ya dirishani, kidogo tu, ili watu wasije kuugua kwa sababu ya kutafuta mazungumzo. Mwanachama mpya alikuwa na muda wa kungoja, maana yake analipa kwanza miezi kadhaa ndipo ahudumiwe, kwa sababu watu walikuwa wanajiunga asubuhi huku wameshikilia tumbo. Na mtu wa kupelekwa hospitali kubwa ya mjini hakupelekwa mpaka Meneja atoe idhini, yaani atie sahihi kwamba Mpango utalipa. Bila sahihi, unakwenda kwa miguu yako na kwa mfuko wako.

Mwisho kulikuwa na yasiyolipiwa. Siku hiyo ya kwanza Meneja alisimama kwenye ngazi akayasoma mbele ya watu. Meno ya dhahabu hayalipiwi. Ngumi za ulevi hazilipiwi. Michezo ya hatari hailipiwi.

Shivachi akainua rungu lake kama mtoto wa shule. "Bwana Meneja, ng'ombe je?"

"Ng'ombe gani?"

"Hawa wetu. Wa kupigana."

Inafaa mjue kwamba kwetu Ikolomani fahali hafugwi ili alime. Anafugwa, anapewa jina, analishwa vizuri kuliko shemeji, na Jumamosi anasindikizwa uwanjani kwa ngoma za isukuti akapigane na fahali wa watu wengine, na watu wanakimbia kando yao mpaka fahali mmoja atoroke. Anayetoroka ndiye ameshindwa. Anakotorokea ndiko watu wanaumizwa.

"Huo ni mchezo wa hatari," Meneja akasema.

"Si mchezo, Bwana Meneja. Ni desturi."

"Ni desturi ya hatari. Hailipiwi."

Mzee Likhanga akavaa kofia yake, akatoka. Nikajua tu kuna kitu kitatokea, ila sikujua kitakuja na magurudumu.

Jumatatu iliyofuata, foleni ilikuwa mpaka barabarani. Kila mwanamume kichubuko, kila mwanamume mbavu. Mimi nauliza, Mmbone anaandika.

"Umeumia na nini, baba?"

"Baiskeli."

"Na wewe?"

"Baiskeli, mama."

"Na wewe, Jafeti? Wewe si huna baiskeli?"

"Nilikuwa nimebebwa."

Mmbone akaandika baiskeli mpaka kalamu ikaisha. Kazi yangu ilikuwa kumjua mtu. Kujua kilichomgonga ilikuwa kazi ya Daktari, na Daktari alisema kidonda ni kidonda. Ikawa hivyo kila Jumatatu. Jumatano hakuna anayeanguka. Ijumaa hata mlevi anafika nyumbani salama. Jumamosi baiskeli zote za Malinya zinapagawa.

Meneja alikuwa mtu wa bidii. Alikaa mjini akachora mistari kwenye karatasi kubwa, akaona kwamba hakuna mahali watu wanaangushwa na baiskeli kama Malinya, na gharama zinapanda. Basi akaja na pikapu na dawa yake. Kwake kudhibiti gharama ni kuzuia ugonjwa usije, jambo ambalo ni jema, silikatai. Akaita mkutano, akaleta fundi wa kufundisha watu wazima kushika breki, na akagawa raba za breki, mpya, kwenye mifuko ya plastiki. Kila mwanachama akapewa, hata mzee Likhanga, hata mama Rasoa ambaye hajawahi kukaa kwenye baiskeli isipokuwa kwenye karia ya nyuma, tena akiwa analia.

Watu wakapiga makofi sana. Shivachi akaomba kusema. "Bwana Meneja, umetuonea huruma. Hizi baiskeli zinatumalizanga."

Meneja akafurahi, akaandika.

Jumamosi iliyofuata alikuwa anapita na pikapu akielekea Kisumu, akakutana na fahali barabarani na watu wake na isukuti. Akasimama awapishe. Fahali alipita karibu na kioo, amepambwa shingoni kwa mkufu mzuri mweusi. Meneja akatazama mkufu. Zilikuwa raba zake za breki.

Sisi tulipata habari kwa dereva wake. Alisema Meneja hakuongea mpaka Kisumu, na huko Kisumu pia hakuongea.

Sasa nifike kwa mkwe wangu, maana hapo ndipo jambo lilinigusa.

Binti yangu Khasoa aliolewa na Lumbasi, kijana mzuri, mchapakazi, na alikuwa na fahali aliyeitwa Tingatinga. Kwetu mama na mkwe wake hawaangaliani. Hawashikani mkono, hawakai kiti kimoja, na akija njia hii mimi napita ile. Si chuki, ni heshima. Lumbasi akiwa mgonjwa alikuja dirishani kama watu wengine, lakini alisimama akinipa mgongo akaongea na ukuta, na mimi nikatazama kadi, na Shivachi akasimama katikati akibeba maneno.

Jumamosi moja Tingatinga alipigana na Mdosi, fahali wa mzee Imbwaka, na Mdosi alikuwa hajashindwa na yeyote. Tingatinga akamsukuma mpaka Mdosi akageuka akatoroka. Alikotorokea alikuwepo Lumbasi, ameinua mikono anashangilia. Mguu ukavunjika chini ya goti. Watu wakaufunga kwa vijiti na kamba ya katani, wakamlaza, wakaimba. Jumatatu wakamleta.

Walimleta kwa baiskeli. Alikaa kwenye karia, mguu umenyooshwa mbele kama bunduki, watu wawili wanasukuma. Na Meneja siku hiyo alikuwepo, amefika mapema, amesimama kwenye ngazi amefunga mikono, anangoja Jumatatu kwa macho yake.

Pale mlangoni pana mtaro. Gurudumu likaingia, baiskeli ikalala, na Lumbasi akaanguka mbele ya miguu ya Meneja.

Shivachi ndiye aliyezinduka kwanza.

"Umejionea mwenyewe, Bwana Meneja. Hivi ndivyo zinatufanyanga."

"Nimeona," Meneja akasema. "Lakini mguu umeshafungwa vijiti."

"Alijiandaa."

"Alijiandaa kuanguka?"

"Barabara ya huku ni mbaya, Bwana Meneja. Mtu mwerevu anatoka nyumbani akiwa tayari."

Wakamwinua wakamketisha kwenye benchi, akageuka kuelekea ukuta kwa heshima yangu. Daktari akaufungua mguu akautazama. Safari hii hakusema maji ya moto. Alimvuta Meneja kando, lakini karibu na dirisha langu, nikasikia.

"Mfupa umepishana. Vidole vinaanza kuwa baridi. Huu unahitaji hospitali kubwa leo, si kesho. Akikaa hapa ataupoteza."

"Ni ng'ombe?"

"Mimi natazama mguu, Bwana Meneja. Mguu hausemi."

Meneja akaja dirishani. "Mama, wewe unawajua watu wote. Huyu umemwona akiumia?"

"Bwana Meneja, huyu ni mkwe wangu. Mimi na yeye hatuangaliani."

"Sikuulizi kama mnaangaliana. Nauliza kama umeona."

"Nitaonaje na sitazami? Tangu amuoe binti yangu mimi namjua kwa sauti na kisogo."

Alitaka kucheka, nikaona, akakataa. Mimi sikuwa na kicheko. Khasoa alikuwa amefika na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, amesimama kwenye jua akinitazama mimi, mama yake, mwenye dirisha, kana kwamba dirisha hilo ndilo linatoa miguu. Lumbasi alilima mashamba ya watu kwa kibarua. Mguu ukienda, boma lote linakwenda nao.

Khasoa akapiga magoti mbele ya Meneja. "Baba, tunatoanga mchango kila mwezi. Hata mwezi wa njaa tulitoa. Weka sahihi."

Meneja alimwinua kwa mkono. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. "Dada, nikilipia ng'ombe mmoja leo, kesho nitalipia zizi lote. Mchango wa mama mwenye mtoto wa malaria utakwenda kwa mtu aliyeshangilia vibaya. Nifanye nini?" Kisha akageukia kisogo cha Lumbasi. Nadhani alikuwa amechoka kuchezewa. "Lakini basi, labda ni kweli. Labda ni baiskeli. Nitaandika kwamba huyu ni mwanamume mzima, nguvu zote hizi, na baiskeli imemshinda. Baiskeli ya kusukumwa. Hata mtoto wa nasari—"

"Shivachi!" Lumbasi akapiga kelele kwa ukuta. "Mwambie mama, mama amwambie Karani, Karani amwambie huyo mkubwa! Mimi? Mimi nishindwe na baiskeli? Mimi ambaye ng'ombe wangu amemtorosha Mdosi wa Imbwaka mbele ya Malinya yote?"

Shivachi akafungua mdomo aanze kupeleka ujumbe, lakini ulikuwa umeshafika.

Na hapo foleni ikapasuka. Watu walikuwa wamevumilia Jumatatu nyingi. Fikiria mtu amepigana bega kwa bega na fahali wake, amepata kovu la kuonyesha wajukuu, halafu kwenye vitabu vya Mpango ameandikwa baiskeli.

"Na mimi ni ng'ombe!" Jafeti akainua shati. "Hii mbavu ni ya Bomu! Bomu mwenyewe!"

"Na hili goti ni la Bomu pia!"

"Wewe goti lako ni la kutoroka, ulianguka kwenye shimo la wachimba dhahabu, tulikuona!"

"Karani, futa! Futa baiskeli yangu, andika ng'ombe mweusi wa Shirere!"

Mmbone akakaa na kalamu juu. Akanitazama. Mimi nikatazama kadi.

Meneja alisimama katikati ya makovu hayo yote, na kila mtu anamwonyesha la kwake. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Huyo Mdosi alikuwa hajawahi kushindwa?"

"Hajawahi!" watu wakajibu.

Akaingia ndani na Daktari, wakafunga mlango. Khasoa akaja akasimama chini ya dirisha langu, na mimi nikafungua wavu, nikamchukua mtoto wa mgongoni kupitia dirishani, nikampakata juu ya kadi. Vidole vya Lumbasi vilikuwa vimekuwa rangi ya majivu. Hilo nililiona, na desturi inisamehe.

Walipotoka, Meneja alikuwa na kalamu mkononi.

"Sikilizeni," akasema. "Mimi nimemwona mtu huyu akianguka na baiskeli, hapa mlangoni, kwa macho yangu mawili. Hilo nitalitia sahihi kwa sababu nimeliona. La ng'ombe nimelisikia tu." Akatia sahihi juu ya ukuta wa ngazi, karatasi ikatoboka. "Apelekwe na pikapu yangu sasa hivi. Lakini hii ndiyo baiskeli ya mwisho Malinya. Kuanzia leo ng'ombe atachangia kama mtu. Kila fahali anayepigana ataandikwa, mwenye fahali atamlipia mchango, na fahali huyo akiumiza mtu, tutalipa kwa fungu la fahali. Daktari amesema anakubali."

Daktari alikuwa amekubali kwa moyo wote. Alikuwa amepata wanachama ambao kichwa chao kinalipiwa na hawatakuja kamwe kumwomba dawa ya minyoo.

Pikapu iliondoka na Lumbasi, Khasoa na watoto. Mguu ulipona. Hospitali ya mjini waliunyoosha siku hiyo hiyo, na mpaka leo anatembea, anayumba kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayetaka kukusikiliza vizuri.

Lakini hapo hatujamaliza, kwa sababu ya Mmbone. Siku ya kuandika fahali ilipopangwa, alibandika tangazo mlangoni, na kwa kuwa alikuwa karani mzuri, aliandika kama kawaida ya Mpango: kila mwanachama mpya afike mwenyewe dirishani aonekane na Mama Khasoa kabla ya kupewa kadi.

Wakafika.

Tulianza kusikia isukuti kabla ya chai. Wakatokea upande wa soko, wakatokea upande wa mto, kila fahali na watu wake, wameoshwa, wamepakwa matope kwenye pembe, wamevikwa raba za breki. Nikawaona wanapanga foleni. Fahali wa kwanza alikuwa Bomu. Jafeti akamleta mpaka dirishani, akamwinua kidevu.

"Jina?" nikauliza, maana kazi ni kazi.

"Bomu."

"Ndiye?" Mmbone akauliza.

Nikamtazama Bomu, Bomu akanitazama. Alikuwa na doa jeupe juu ya jicho na sikio lililochanika. "Ndiye," nikasema. Pumzi yake ikalowesha kadi zote mezani.

"Ugonjwa wa zamani?" Mmbone akasoma kwenye karatasi.

"Hana. Ni hasira tu."

Tuliendelea vizuri, nawaambia ukweli. Wale ng'ombe walikuwa na adabu ya foleni kuliko wanakwaya. Meneja alikuja, akasimama kando ya dirisha langu na tai yake, akitazama michango ikiingia, na nikamwona kwa mara ya kwanza akitikisa bega kidogo kwa mdundo wa isukuti.

Ndipo Khasoa akaingia akimvuta Tingatinga, kwa sababu Lumbasi mwenyewe alikuwa bado hospitalini. Na aliyekuwa dirishani saa hiyo, anatazamwa na mimi, alikuwa Mdosi wa mzee Imbwaka.

Mdosi alikuwa hajasahau. Alitoa kichwa chake dirishani kabla sijasema "Ndiye," akatoka na fremu ya wavu. Watu wakaruka. Tingatinga akamwacha Khasoa kwenye kamba kama mtu anayeacha mwavuli, akaja. Walikutana pembe kwa pembe palepale mbele ya ngazi, vumbi, isukuti ikapamba moto, mama wa kliniki wakapanda mabenchi na watoto wao, Daktari akajifungia kwenye chumba cha sindano. Meneja akatazama kulia, ni pembe. Akatazama kushoto, ni mkia. Akaona dirisha langu halina wavu.

Aliingia kichwa kwanza. Tai ikatangulia, viatu vikafuata, akashukia mkono juu ya meza yangu, na mkono ukalia.

Fahali walisukumana mpaka nje ya lango, wakaenda zao shambani kwa mzee Likhanga, huko wakaachanishwa. Sisi tukabaki ndani. Daktari akatoka akamfunga Meneja mkono. Haukuvunjika, ulikuwa umeteguka vibaya, lakini Daktari alitaka apigwe picha ya mfupa mjini. Meneja naye alikuwa mwanachama kama sisi.

Mmbone akafungua kalamu. "Bwana Meneja, tuandike nini? Ng'ombe wameandikwa leo. Wako kwenye muda wa kungoja."

Kanuni hiyo Meneja aliiandika yeye mwenyewe. Alikaa kwenye kiti changu, nywele zina vumbi. Kisha akasema polepole, bila kumwangalia mtu:

"Andika baiskeli."

Mmbone akaandika. Shivachi akachungulia dirishani, rungu mkononi. "Pole sana, Bwana Meneja. Hizi baiskeli za Malinya, breki zake si nzuri."

Meneja akacheka mpaka akashikilia ule mkono. Kuanzia siku hiyo, kila alipokuja alianza kwa kuniuliza habari za Tingatinga, ndipo za gharama.

Na kweli baiskeli zikatulia. Hata moja haikuangusha mtu tena Ikolomani kwa miaka yote niliyokaa pale.

Baadaye nilihamishwa Musanda, kule kwa miwa, chini ya Meneja Msaidizi, mwanamke mpole aliyepiga hesabu kwa midomo. Dirisha lilikuwa kubwa zaidi na kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu wakataji miwa walitoka kila mahali na ilinibidi nianze kuwajua upya. Shida ya Musanda ilikuwa kwamba kule watu wanaanguka na baiskeli kweli. Wanafunga miwa kwenye karia, mizigo mirefu kuliko nyumba, wanateremka kilima, wanalala nayo. Nikatuma hesabu ya mwezi wa kwanza mjini. Meneja akaja mwenyewe na pikapu.

"Mama Khasoa," akaniambia, "hao ng'ombe wa Musanda wanafugwa wapi?"

Nikaapa hakuna. Akatabasamu kama mtu anayejua. Alizunguka Jumamosi nzima kwenye miwa akitafuta uwanja. Watu wa Musanda walikuwa waungwana; walimwonyesha baiskeli zilizopinda, damu ikiwa bado kwenye usukani, naye anatikisa kichwa tu anasema, "Sawa, sawa, na fahali je?" Mwishowe kijana mmoja anayeitwa Wesonga, mguu umefungwa, akachoka kuhojiwa akasema ni ng'ombe. Akaandikiwa idhini hapo hapo.

Hapo ndipo nilielewa kazi yangu, kama niliwahi kuielewa. Wakubwa wanataka kujua ni kitu gani kimemuumiza mtu, na ni haki yao, maana kapu ni la wote. Mgonjwa anataka tu mfupa urudi mahali pake. Kati yao kuna dirisha, na mtu wa dirishani anatakiwa awe na uso ambao wote wawili wanaweza kuutazama. Mimi nilikuwa na uso huo kwa kila mtu isipokuwa mkwe wangu.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe Malinya, pale pale kwenye ngazi. Walipika obusuma, ugali wetu, na kuku, Daktari akanishika kwa mikono miwili akaniambia ninang'aa niendelee hivyo hivyo, na Meneja, ambaye naye alikuwa anakaribia kuondoka, akanikabidhi zawadi ya Mpango iliyofunikwa kwa kitambaa. Mlishajua. Ilikuwa baiskeli. Ya kike, ya kijani, na raba za breki mpya.

Mimi sijui kuendesha. Lumbasi ndiye aliikokota mpaka nyumbani. Yeye upande wake wa barabara, anayumba kushoto, mimi upande wangu natazama mahindi ya watu, na Shivachi katikati akibeba maneno kama zamani.

"Lumbasi anasema mama asije akaipanda."

"Mwambie sina mpango."

"Anasema mguu wa mtu mzima haurudi haraka. Anasema asante kwa ile Jumatatu."

"Mwambie sikuona kitu."

Shivachi akapeleka. Nikasikia kule ng'ambo Lumbasi akicheka, na hata leo sijui uso wake huwa unakaaje akicheka.

Baiskeli iko ukutani. Mpango wenyewe ulikuja ukaunganishwa na mwingine, halafu na mwingine, na siku hizi sisikii wakiandika fahali. Wengi niliowataja wameshalala. Mmbone yuko Mumias kwa mwanawe, na ameniambia kwa simu kwamba tangazo lile hakuandika yeye. Labda. Kama kuna msomaji anayekumbuka ni nani aliyeandika, au anayejua kama Bomu alikuwa na doa juu ya jicho la kulia au la kushoto, au kama fundi wa breki alikuja kabla ya mvua au baada, tafadhali apite nyumbani anirekebishe. Nitampikia chai, nami sitabisha.

Ila watoto wa Imbwaka, ambao wanaendelea kusema kwamba siku ya kadi Mdosi alilipiza na kwa hiyo wametoka sare, wao wasijisumbue. Siku ya kadi fahali walikuja kuandikwa, hawakuja kupigana. Mimi nilikuwa dirishani. Na uwanjani, mbele ya Malinya yote, Mdosi alitoroka.